Maswali ya Wasomaji: Mwalimu Amefariki, Madaftari Yake Yamebaki

SWALI: Mwalimu aliyetufundisha sayansi amefariki, na nimepewa dakika tano za kusoma wasifu wake mazikoni. Kila nikianza naishia kwenye "alikuwa mpole, mcheshi, mpenda mazingira". Nifanyeje?
Mwanafunzi wake wa zamani

JIBU: Maneno hayo yangemfaa marehemu yeyote, ndiyo maana hayakai masikioni mwa mtu. Tafuta watu watatu waliomjua nyakati tofauti: mwalimu mwenzake, mwanafunzi wa zamani, na jirani wa baada ya kustaafu. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, maana watakurudishia sifa zilezile. Uliza alibeba nini mfukoni akienda matembezini, ndege gani alimtambua kwa sauti tu, darasa likipiga kelele alifanyaje. "Kila mwaka alihesabu viota ukingoni mwa mto" inatosha. Baada ya hapo huhitaji kusema alipenda mazingira.

Dakika tano za kusoma kwa utulivu ni maneno kama 500. Andika 450, kwa sababu msomaji mwenye huzuni husitasita. Kuzaliwa, masomo, vituo vya kazi na kustaafu viishe katika aya moja. Majina ya wafiwa yahakikiwe na mtu wa familia, moja baada ya jingine. Mtoto aliyesahaulika kwenye wasifu huacha donda la miaka. Chapa kwa maandishi makubwa, upande mmoja wa karatasi, na kila ukurasa uwe na namba.

SWALI: Babu, mwalimu mstaafu, ameacha madaftari ya ndege na maua, pamoja na maboksi ya mimea iliyokaushwa ndani ya magazeti. Wajomba wanataka yachomwe. Mimi nafikiria kulamineti kurasa zote.
Mjukuu

JIBU: Msichome, na usilamineti. Lamineti huunganisha plastiki na karatasi kwa joto, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Seloteipu nayo iache, kwani gundi yake hugeuka njano na kuingia kwenye karatasi.

Waeleze wajomba kwamba tarehe na mahali ndivyo vinavyoyapa madaftari hayo thamani. Robert Marsham wa Norfolk, Uingereza, alianza mwaka 1736 kuandika siku ambayo majani yalichipua na ndege wahamaji walirejea. Familia yake iliendelea hadi 1958, na wanasayansi wametumia kumbukumbu hizo kupima jinsi majira yanavyobadilika. Mstari mmoja wenye tarehe, mahali na aina ya ndege una kazi kuliko ukurasa mzima wa kusifu machweo.

Anza kwa kupiga picha kila ukurasa, hata uliokaa kama mtupu. Tumia mwanga wa dirishani bila flashi, simu ikitazama chini moja kwa moja. Ukiwa na skana, dpi (nukta kwa inchi) 300 zinatosha kwa maandishi, 600 kwa picha za zamani. Yape mafaili majina kwa mwaka na namba ya daftari, kisha weka nakala mahali pawili. Orodha za ndege zenye tarehe na mahali zinaweza kuingizwa eBird, mradi wa Chuo Kikuu cha Cornell unaopokea pia kumbukumbu za miaka iliyopita. Ila viota vya ndege adimu usitangaze vilipo; wezi wa mayai nao husoma.

Mimea isitenganishwe na magazeti yake kabla hujanakili kilichoandikwa pembeni. Mara nyingi hiyo ndiyo lebo pekee, na tarehe ya gazeti lenyewe ni dokezo. Ukiona unga au vitobo vidogo, kuna wadudu: funga boksi ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uliache siku nzima lirudi kwenye joto la chumba kabla ya kufungua. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa hutua kwenye mimea na kuleta kuvu. Vaa glavu, kwa sababu baadhi ya mikusanyo ya zamani ilipakwa dawa zenye zebaki. Baadaye mwandikie mtunzaji wa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) iliyo karibu, ukimpelekea picha na orodha, si maboksi.

SWALI: Tunataka kumpandia mti. Tuchimbe shimo refu kiasi gani?
Majirani

JIBU: Kina kisizidi kile cha donge la mizizi, upana uwe mara mbili hadi tatu yake. Mti ukizikwa zaidi ya pale shina linapokutana na mizizi, gome huoza taratibu na mti hufa mmeshasahau sababu. Mizizi iliyojiviringa ndani ya chungu ikateni au ikunjueni. Chagueni mti wa asili wa eneo lenu. Matandazo yawe unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Kibao cha jina kikae kwenye kigingi pembeni: msumari hujeruhi gome, na waya hukaba shina likinenepa.