Memori ya seva haiwaki: imeharibika?

SWALI: Ndugu wahariri, natafuta kompyuta ya nyumbani ya kutunza picha na hesabu za duka, iwake usiku na mchana. Nimenunua memori ya seva inayorekebisha makosa, lakini mashine haionyeshi kitu. Nimeuziwa mbovu? Msomaji, Himbi, Goma.

JIBU: Huenda ni nzima. Memori nyingi za seva ni RDIMM (aina yenye chipu ya ziada ya kupokezea amri), na ubao mama wa kompyuta ya kawaida hauzikubali. Omba ECC UDIMM, yaani memori ya kompyuta ya kawaida (UDIMM) inayorekebisha makosa (ECC). Ya kizazi cha DDR4 mara nyingi ina chipu 9 upande mmoja badala ya 8, kwani kila biti 64 za data huongezewa 8 za ukaguzi.

Prosesa ya Ryzen 5 5600 inatosha, mradi mwongozo wa ubao uitaje ECC. Uazime kadi ya picha wakati wa kusanikisha, kwani prosesa hii haina sehemu ya kutoa picha kwenye skrini. Epuka Ryzen 5 5600G, yenye sehemu hiyo ya picha: mashine itawaka vizuri bila kurekebisha kosa lolote, na huo ndio mtego mbaya zaidi. Kuhakiki, kwenye mfumo wa Linux andika amri dmidecode -t memory. Upana wote (Total Width) uwe biti 72, si 64.

Na kabla ya diski ya pili, nunua UPS, betri ya akiba ya umeme unapokatika. ECC haiokoi faili lililokuwa likiandikwa umeme ulipokatika.