Kabla ya kununua kitufe cha dharura, tafuta kwanza atakayekuja

Msomaji mmoja anayejiandaa kuanza mwaka wa kwanza kaniandikia: "Dada, mama anataka kuninunulia kile kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni. Kinasaidia kweli, au ni kutupa hela?" Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili. Haikuwezekana, maana jambo hili nina uchungu nalo bado.

Mimi nilikivaa karibu muda wote wa chuo. Ni kidude cha ukubwa wa sarafu, kinaning'inia kwenye mkufu, na wasiojua walidhani ni pambo. Ukikibonyeza mara mbili upesi upesi, kinaiamsha simu kwa Bluetooth, na simu inawatumia watu uliowachagua ujumbe wenye ramani ya mahali ulipo. Changu kilipeleka taarifa hadi kituo cha ulinzi cha chuo pia. Hapo ndipo mama yangu aliposhusha pumzi akalipia.

Usiku mmoja natoka maktaba, nikasikia hatua nyuma yangu. Nikikaza mwendo zinakaza, nikipunguza zinapunguza. Nikabonyeza. Simu ikatetemeka ndani ya mkoba, maana yake ujumbe umeondoka. Waliotokea ni wenzangu wa chumbani, mmoja kavaa kandambili zisizofanana, mwingine kashika ufagio, wote wanaita jina langu kwa sauti ya kuamsha mtaa. Yule mtu akageuza njia. Walinzi? Hakuna hata aliyechungulia.

Asubuhi nikaenda kituoni kwao. Taarifa yangu ilikuwepo kwenye kompyuta, nyekundu kabisa, na mbele ya skrini limesimamishwa daftari la wageni. Mlinzi akaniambia bila hata kuinua macho: "Tuliiona, tukajua umekilalia tu." Nikaambiwa niandike barua. Niliandika, na majibu sijayapata hadi leo. Umekilalia! Saa ile, nikiwa njiani!

Kwa hiyo mdogo wangu, swali la kwanza liwe: nikibonyeza, nani anainuka kitandani? Chagua watu wawili au watatu wanaolala karibu nawe. Waombe ridhaa kabisa, usiwaorodheshe kimyakimya. Mama aliye mbali awemo, sawa, lakini yeye atapiga simu na kulia. Anayefika ni jirani wa chumba. Tena simu zao ziruhusu mlio wako upenye hata zikiwa kimya, la sivyo watausoma asubuhi kama walinzi wangu.

Baada ya pale nilianza kukijaribu kila kona ya chuo. Wenzangu walinicheka, wakaniita inspekta. Sawa, lakini inspekta ndiye aliyegundua kwamba chumba cha kufulia, kule chini, hakina mtandao hata chembe. Ni yeye pia aliyegundua kwamba ukiacha simu kwenye chaji ukaenda kuoga mwisho wa korido, kitufe ni bubu, kwa sababu Bluetooth ya vidude hivi hufika mita chache tu, na kuta huzipunguza zaidi. Simu nyingi zikiwekwa kwenye hali ya kubana chaji huizima programu iliyo nyuma ya pazia, na huambiwi. Betri ya kitufe, ile bapa kama sarafu, hukaa miezi mingi, ndiyo maana unaisahau mpaka inakufa. Na GPS, ambayo kila tangazo linajisifia, haimwambii mtu uko ghorofa ya ngapi; ndani ya jengo inaweza hata kukuweka jengo la pili. Andika jina la hosteli na namba ya chumba ndani ya ujumbe wenyewe.

Marekani wana sheria ya mwaka 1990 iliyopewa jina la Jeanne Clery, mwanafunzi aliyeuawa chumbani kwake katika Chuo Kikuu cha Lehigh mwaka 1986. Wazazi wake walipambana mpaka vyuo vikalazimishwa kutangaza uhalifu unaotokea kwao. Baada ya mauaji ya mwaka 2007 katika chuo kikuu cha Virginia Tech, hukohuko Marekani, mwaka uliofuata vikatakiwa pia kuwajulisha wanafunzi mara moja kukiwa na hatari. Ni jambo jema. Lakini hizo ni taarifa zinazotoka chuoni kumfuata mwanafunzi. Kitufe kinakwenda upande wa pili, na huko ndiko watu wanakolala.

Je, kinafaa? Kinafaa, na sana pale ambapo huwezi kuonekana umeshika simu. Watu wanawaza jambazi wa gizani, kumbe mara nyingi anayedhuru ni mtu unayemjua, kakaribishwa, kakaa kati yako na mlango. Hapo king'ora kinaweza kumchochea; kidole chini ya meza hakionekani. Njiani usiku ni kinyume chake: king'ora cha mkononi cha desibeli 120 hakihitaji mtandao wala programu, na mtu mwenye nia mbaya hapendi makelele.

Kama hela ni tatizo, anza na simu uliyo nayo. iPhone, na nyingi za Android kuanzia toleo la 12, zina wito wa dharura kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia mara tano. Ingia kwenye mipangilio uhakikishe umewashwa, na uone unapiga namba gani.

Wazazi nanyi mnaosoma hapa: msinunue kidude mkadhani mmemaliza malezi. Mkimpeleka mtoto chuoni, piteni kituo cha ulinzi, mwombeni abonyeze mkiwa palepale, muone nani anashtuka. Kisha arudie mwenyewe saa nane za usiku, akiwa amewapa taarifa wenzake. Mlinzi akiuliza nani karuhusu majaribio hayo, amtajie anayelipa ada.