Tishu kalcha ya mimea dawa: kabla ya homoni angalia mmea mama

Swali ninaloulizwa sana ni "naweka homoni gani", yaani mtu hata mmea hajakata. Mi nasema anza na mmea mama, maana tishu kalcha, yaani kukuza miche kwenye chupa kutoka kipande kidogo cha mmea, inatoa kopi, ukichukua mmea wenye dawa hafifu utapata miche kibao yenye dawa hafifu, kwahiyo kama kuna uwezekano upime kwanza.

Usikate porini ukaleta moja kwa moja. Uweke bandani wiki kadhaa, mwagilia udongo tu sio majani, chipukizi zitatoka safi. Kuosha vipande vya hizo chipukizi ni kawaida: sabuni, spiriti ya asilimia 70 nusu dakika, klorini kama dakika 10, suuza na maji yaliyopita otokleva (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto). Kipande kikiwa cheupe pee ujue klorini imezidi.

Chakula cha kipande natumia MS, ule mchanganyiko wa virutubisho wa Murashige na Skoog wa 1962, sukari gramu 30 kwa lita, agari (inayokigandisha kama jeli) gramu 7 au 8, pH (kipimo cha uchachu) 5.8, otokleva nyuzi 121.

Sasa kinachotesa watu kwenye mimea dawa, hasa miti, ni weusi. Unachomeka kipande vizuri kabisa, kesho yake agari pale kwenye kidonda imekuwa kama chai ya rangi, na wengi wanatupa wakidhani ni fangasi. Hapana, fangasi ana manyoya. Hizo ni fenoli, kemikali za mmea kujilinda (na mara nyingine ndo hizohizo zinafanya uwe dawa), zikikutana na hewa pale ulipokata zinageuka kahawia zinaua tishu. Loweka kwenye vitamini C kabla ya kuchomeka, weka gizani siku za mwanzo, hamishia chakula kipya mapema bila huruma. Mkaa wa maabara nao unasaidia, ila unanyonya na homoni, usije ukalaumu BAP, homoni ya kuchipusha, bure kipande kikigoma kuchipua.

Mizizi ikishatoka, kwa homoni za mizizi IBA au NAA, usikimbilie jua. Majani ya kwenye chupa nta yake nyembamba na vitundu vyake vya kupumulia (stomata) havijui kujifunga, mche unanyauka saa hiyohiyo. Osha agari yote ndo upande, ikibaki inaita fangasi, funika na nailoni, uwe unaitoboa kidogokidogo, na usiitoe yote mpaka uone jani jipya limezaliwa humo nje.