Wali wa jana usiku usiubebe safarini, hata ukiupasha

Mkuu ngoja kwanza. Umeuliza vyombo gani havivuji na chakula gani cha nyumbani kinafaa safari ndefu ya basi, sawa, lakini hapo katikati umeandika eti utapika wali na nyama usiku, uache kwenye sufuria mpaka alfajiri, upashe, ujaze hotipoti, mle mchana na watoto. Usifanye hivyo, nakuomba.

Mimi nilifanya hivyohivyo. Nimemaliza kupika saa nne usiku, nikafunika, nikalala. Saa kumi na moja alfajiri nikapasha mpaka mvuke ukatoka, nikajaza hotipoti, saa sita tukala ndani ya basi. Wali haunuki, hauna utelezi, mtamu tu, ndo maana hakuna aliyeshtuka. Hayajapita masaa mawili mwanangu wa miaka minne kaanza kutapika, akafuata mama yake, halafu mimi, na basi liko porini. Abiria wa siti ya mbele alimwaga ndizi zake mapajani ili atupatie mfuko! Nikikumbuka zile ndizi nacheka, mke wangu mpaka leo hacheki. Ila mtoto alipoanza kulegea macho, pale hakuna kucheka. Tulishushwa kwenye kituo cha afya akatundikiwa dripu, safari ikafia hapo.

Aliyeniponza ni rafiki yangu, mpishi mzuri tu, aliniambia "ukipasha vizuri moto unaua kila kitu". Kutojua namsamehe, ila alivyosema kwa uhakika vile! Daktari ndo akanielewesha. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anakuja na mchele wenyewe, mbegu zake hazifi kwa kuchemsha. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaliana, zinaacha sumu, na sumu hiyo hata uipashe kwenye nyuzi 121 inabaki palepale. Yaani ule moto wa alfajiri unakupa sumu ya moto tu. Kutapika kunaanza kati ya nusu saa na masaa sita baada ya kula.

Kwa hiyo shika hili moja: chakula kiwe cha moto kweli au baridi kweli, vuguvugu usibebe. Cha moto ni juu ya nyuzi 60, cha baridi ni chini ya 5, hapo katikati mwisho masaa mawili, na kukiwa na joto la kupita nyuzi 32 ni saa moja tu. Sufuria kubwa lililofunikwa linakaa hapo katikati usiku kucha, na hotipoti ukiijaza wali uliopoa kidogo umeutengenezea bakteria kitanda.

Kama lazima upike usiku, wali ukiiva tandaza kwenye sinia pana uwe mwembamba, upoe haraka, ndani ya saa moja uwe kwenye friji, asubuhi ubebe baridi na barafu ya kutosha pembeni. Huna barafu? Amka saa tisa upike. Hotipoti ioshe kwa maji yanayochemka kabla ya kujaza, ijaze mpaka juu, mle mapema kwenye kituo cha kwanza, msisubiri mchana, na kinachobaki mwaga hata kama roho inauma.

Na nyama ni vilevile, usidhani naongelea wali tu. Unaondoka lini, kesho kutwa? Kama umeshapika niambie saa hii.