Nimepinduliwa kichwa chini mara nne, na wewe utaweza

Mudogo mmoja wa hapa Lubumbashi ameniandikia juzi. Mwezi wa 12 anakwenda Johannesburg na ndugu za mumewe, na watampeleka Gold Reef City, bustani ya michezo ya kule. "Yaya, ile treni ya kupindua watu, nitafanya namna gani?" Nilisoma nikiwa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nikaweka kapu chini.

Mara yangu ya kwanza pale nilipanga foleni ya Golden Loop, ndiyo treni hiyo ya kupindua watu, nusu saa nzima. Zamu yetu ikafika, nikageuka, nikatoka nikipenya katikati ya watoto. Shemeji yangu alicheka. Angecheka siku hiyo tu, ningesahau. Alisimulia njia yote hadi mpakani Kasumbalesa, akasimulia kwenye harusi, akasimulia mbele ya watoto wangu. Inaniuma mpaka leo.

Basi nikajifunza. Treni hizo zina magurudumu juu ya reli, pembeni na chini yake. Zimeikumbatia reli, hazichomoki kirahisi. Na ule mzunguko si duara kamili, umechongoka juu kama tone la maji. Zamani, Marekani walijenga duara kamili, watu wakaumia shingo. Ukiwa kule juu, mwendo ndio unakubana kitini. Utotoni tulizungusha ndoo ya maji kwa nguvu na maji hayakumwagika. Ni jambo lilelile.

Mwaka huu nikarudi. Sikukimbilia foleni. Nilikaa kwenye benchi nikahesabu safari 12. Treni inarushwa, inapinduka, inapanda reli iliyosimama mpaka inaishiwa nguvu, inarudi kinyumenyume, inapinduka tena, inapita kituo, inapanda reli ya upande wa nyuma, ndipo inarejea. Kufikia safari ya kumi niliijua kwa moyo. Kisha nikatazama nyuso za wanaoshuka. Hakuna aliyelia.

Nikavua hereni, nikazifunga kwenye kitambaa. Chuma cha kumzuia mtu kitini kikashuka, kijana wa kazi akakivuta mara mbili kuhakikisha. Nikakandamiza kichwa kwenye kiti, na ilipotupwa mbele nikatoa pumzi yote. Macho wazi! Kule juu niliona kofia nyekundu ya mtu iliyoanguka kwenye nyasi, ikiwa juu ya kichwa changu. Kinyumenyume ndiko kulikonitikisa tumbo, nikamwita mama yangu kwa sauti. Haikufika dakika moja. Nikashuka, nikarudi kwenye foleni palepale, nikapanda tena.

Kwa hiyo mudogo, tazama kwanza. Tazama mpaka uchoke. Usipande na bukari, yaani ugali, bado imejaa tumboni. Kichwa nyuma, pumzi nje, macho wazi, maana ukifumba, tumbo halijui liko wapi. Kama una mimba, moyo mgonjwa au shingo mbovu, baki chini na usione haya. Na usikubali kusukumwa! Woga wako ni wako, siku ya kuuacha utaichagua wewe, si mashemeji. Wanawake wengi tunapanda ili tusichekwe, na wengi tunakimbia kwa sababu tunachekwa. Mimi nilipanda siku ambayo hakuna aliyejua niko pale.

Imebaki Anaconda, treni nyingine ya palepale, ile ambayo miguu inaning'inia hewani. Shemeji anasema safari ijayo atakuja. Nimemwambia tutakaa viti vya kupakana, na yeye pia hajawahi kuipanda.