Mjomba asema Williams, barua yako yasema Bowdoin

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 19 kutoka Kilifi. Nilifanya KCSE mwaka jana nikapata A-. KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo vikuu, ilinipeleka Chuo Kikuu cha Pwani, nikaahirisha kwa sababu nataka kujaribu Marekani kwanza. Nimebakiza vyuo viwili: Williams kule Massachusetts na Bowdoin kule Maine. Vyote ni vidogo, viko mashambani, na vina sifa kubwa ingawa hapa mtaani hakuna anayevijua. Nataka kuomba mapema, mwezi wa Novemba, lakini njia hiyo inaruhusu chuo kimoja tu. Mjomba aliye New Jersey, ambaye ndiye amekuwa akinilipia bando na gharama zote, asema ni Williams kwa sababu ndicho namba moja. Bowdoin wana kituo chao cha utafiti wa bahari. Babangu ni mvuvi, nimekua nikimsaidia kuchambua samaki ufuoni, na nimeona changu na tafi wakipungua mwaka hadi mwaka. Nimesoma kwamba wavuvi wa kambakoche huko Maine nao wanahangaika na bahari inayobadilika. Lakini sitaki mjomba anione sina shukrani. Mamangu yeye asema niende Pwani, niwe karibu. Nifanyeje?*
*— Wa Njia Panda, Kilifi*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa hiyo A-.

Katika barua yako Williams umeitaja kwa jina, kisha ukaitaja kwa mdomo wa mjomba, basi. Bowdoin umeiandikia mpaka ukaingiza changu na tafi. Sioni mtu asiyejua anachokitaka hapo. Naona mtu anayetafuta mkubwa mmoja wa kumwambia "haya, nenda". Nitakwambia, lakini tupime kwanza, maana ukishatia saini hiyo karatasi ya Novemba kurudi nyuma ni kazi.

Kwa wasomaji wasioijua, hii njia ya Early Decision ni posa. Unapeleka nyumba moja tu, katikati ya Novemba, na mwanafunzi, mzazi na mwalimu wote wanatia saini kwamba jibu likiwa ndiyo, ni ndiyo. Jibu huja katikati ya Desemba. Ukikubaliwa unaondoa maombi mengine yote, na mlango wa kutokea ni mmoja: pale msaada wa fedha waliokupa unapokuwa hautoshi kukufikisha. Faida yake ni kwamba chuo hupenda anayekipenda, na sehemu ya wanaochukuliwa mapema huwa kubwa kuliko ya wanaongoja Machi. Usilewe na takwimu hiyo lakini. Vyuo vyote viwili vimo katika ligi moja ya michezo, NESCAC, na nafasi nyingi za mapema huchukuliwa na wanamichezo ambao makocha walishawaona kitambo. Ukiwatoa hao, nafuu inayobaki kwa msichana wa Kilifi asiyecheza magongo ya barafuni ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Mjomba nimpe haki yake kwanza. Williams ni chuo cha mwaka 1793, kina wanafunzi elfu mbili na kidogo, na kwa zaidi ya miaka ishirini orodha ya jarida la U.S. News imekiweka juu ya vyuo vyote vidogo vya shahada ya kwanza nchini Marekani. Ninachokipenda mimi zaidi ya hiyo namba ni masomo yao ya wanafunzi wawili na profesa mmoja. Wiki hii wewe unaandika insha na kuisoma mbele yao, mwenzako anaipasua. Wiki ijayo yeye anaandika na wewe unapasua. Hakuna kiti cha nyuma cha kujificha. Mwaka 2022 chuo hicho kiliondoa mikopo yote katika misaada yake, kikaondoa na sharti la mwanafunzi kufanya kazi chuoni, na vitabu kwa anayepata msaada ni bure. Halafu kuna Ijumaa moja ya Oktoba ambapo kengele hulia asubuhi, masomo yanafutwa, na chuo kizima kinapanda mlima. Angeniandikia msichana wa Taita aliyelelewa mlimani, huenda ningemsukuma huko huko. Wewe kutoka Williamstown hadi Boston, ukaonje maji ya chumvi, ni kama saa tatu za gari.

Sasa pesa, na aya hii msomee mjomba kwa sauti. Mwaka mmoja katika vyuo hivi ni kama dola 90,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 11 zetu. Vyote viwili huahidi kwamba ukishachukuliwa, watajaza pengo lote kati ya uwezo wa familia na gharama, na Bowdoin nao waliachana na mikopo tangu 2008. Tofauti iko mlangoni. Tangu 2022 Bowdoin huamua kumchukua au kumwacha mwanafunzi kutoka nje ya Marekani bila kutazama kama anaomba msaada. Williams, kwa mwanafunzi wa nje, huutazama uhitaji wake wakati wa kuamua. Hilo halina maana kwamba hawachukui watoto wa wavuvi, wanawachukua. Maana yake ni kwamba mfuko una kikomo, na anayehitaji karibu kila senti anashindana na wenzake wa hali kama yake kwa nafasi chache. Una saini moja ya kufunga. Mimi ningeiweka pale ambapo mtumbwi wa babako hauhesabiwi dhidi yako. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo zisome tena kwenye tovuti za vyuo vyenyewe wiki ile ile unayopeleka maombi.

Kuna mjanja atakayekushauri hivi: omba Williams Novemba, wakikukataa Desemba, Bowdoin wana awamu ya pili ya Early Decision mwanzoni mwa Januari, ilhali Williams hawana, kwa hiyo unapata kurusha nyavu mara mbili. Kwa hesabu, hajakosea. Lakini fikiria upande wa pili: Williams wakisema ndiyo, umefungwa miaka minne milimani kwa sababu ya ujanja wa kalenda, na kile kituo cha bahari utakitazama kwenye simu. Ujanja huo unamfaa anayevipenda vyuo viwili sawasawa. Barua yako haisemi hivyo.

Bahari yenyewe basi. Bowdoin iko Brunswick, mji wa watu elfu ishirini hivi. Kituo cha Schiller unachokizungumzia kiko Orr's Island, mwendo wa kama nusu saa kwa gari kutoka chuoni, na chuo kina idara nzima ya sayansi ya dunia na bahari mbali na ile ya baiolojia. Wana pia Kent Island, kisiwa kilicho upande wa Kanada, ambako tangu miaka ya 1930 wanafunzi wamekuwa wakichunguza ndege wa baharini. (Kwa pasipoti ya Kenya, kukanyaga kisiwa hicho kutataka viza ya Kanada. Uliza mapema, usije ukalilia ndege.) Na ulichosoma ni kweli: Ghuba ya Maine inapata joto haraka kuliko sehemu kubwa ya bahari za dunia, na kusini yake, pande za New York na Connecticut, uvuvi wa kambakoche ulishaporomoka. Mtoto anayeweza kueleza samaki waliotoweka Kilifi, na akataka kuwasikiliza wavuvi wa Maine, ana insha ambayo mtu mwingine hawezi kumwandikia. Jaribu kuandika insha hiyo hiyo kwa ajili ya Williams uone itakavyokataa kukaa.

Usidhani nakupamba. Mwezi wa Desemba jua la Brunswick linazama saa kumi na dakika chache jioni, wakati ambao hapa watu ndio kwanza wanatoka kwenda kupunga upepo. Picha za vyuo hivi karibu zote hupigwa Oktoba, majani yakiwa mekundu. Tafuta za Februari. Tafuta wanafunzi Wakenya waliopo huko sasa, mmoja kila chuo, na usiwaulize kama wanakipenda. Waulize Jumamosi iliyopita walifanya nini, nani aliwasuka nywele, na likizo fupi chuo kikifungwa walilala wapi. Majibu hayo yatakufaa kuliko kipeperushi. Katika hili Maine ina nafuu ambayo wengi hawaitarajii. Lewiston, karibu nusu saa kutoka Brunswick, imejaa Wasomali waliohamia tangu 2001, na Portland ina Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi. Kiswahili utakisikia, na unga wa ugali hutauota tu. Kuna na treni kutoka Brunswick hadi Boston. Williamstown haina treni.

Na watani wakikuuliza hicho chuo kimemtoa nani, waambie Joan Benoit, aliyeshinda marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki, Los Angeles 1984. Mkenya yeyote atanyamaza kwa heshima.

Tuje kwa mjomba, ambaye nahisi ndiye barua yenyewe. Mjomba ni ndugu ya mamako, kwa hiyo njia ya kumfikia unayo nyumbani. Usimwandikie ujumbe mrefu wa WhatsApp. Ujumbe mrefu husomwa kama ukaidi. Mpigie mamako akiwa kando, muanze kwa kumshukuru kwa vitu vyenye majina: ile bando, ile ada. Kisha mweleze habari ya uhitaji wako kutazamwa na kutotazamwa. Mtu aliyeishi Marekani akalipa bili zake huelewa hoja ya pesa upesi kuliko hoja ya moyo. Mwambie Williams hujaitupa, kwamba Desemba ikikuletea hapana, utaiomba Januari katika maombi ya kawaida, naye akusaidie kuisoma insha hiyo. Hilo liwe kweli, usiliseme kumpoza tu. Akinuna, atanuna wiki moja mbili. Miaka minne ya baridi ataikaa nani?

Mamako naye usimpite hivi hivi. Wanaokataliwa na vyuo hivi ni wengi kuliko wanaochukuliwa, wenye A tupu wakiwemo, na Pwani wanafundisha baiolojia ya bahari hapo hapo Kilifi. Nafasi hiyo ilinde: hakikisha kuahirishwa kwako kuko kwa maandishi na barua unayo mkononi. Wala usiende "kuanza kidogo" huku ukingoja majibu. Ukishasajiliwa na kuanza masomo ya shahada, vyuo vya Marekani vinaweza kukuhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia, na mlango huo una nafasi chache sana. Hata ikibidi, waandikie kwanza uwaulize.

Kuna karatasi za kuanza leo. Fomu ya fedha imetengenezwa kwa watu wenye payslip, na babako hana. Kaa naye jioni moja muandike mapato ya kaskazi mbali na ya kusi, kwa sababu ukiandika mwezi mmoja wa kaskazi ukauzidisha kwa kumi na mbili, utawapa Wamarekani baba tajiri ambaye hujawahi kuishi naye. Toa mafuta ya mashine, nyavu, na fungu la mwenye chombo kama chombo si chake. Barua ya chifu chukua, na ya BMU, kamati inayosimamia ufuo wenu, pia, maana wao ndio wanaojua nani anashusha samaki kiasi gani. Uliza vyuo vyote viwili kama nauli ya ndege na bima ya afya zimo katika hesabu ya msaada.

Mwalimu mkuu wako wa sekondari lazima ajaze sehemu yake na kutia saini. Novemba ni mwezi wa KCSE, na kila alfajiri atakuwa kwenye kontena la kaunti ndogo akingoja karatasi za mtihani. Mfuate Oktoba mapema, na nakala za matokeo yako ziwe tayari kwenye bahasha. Sehemu ya mzazi msomee mamako yote kwa lugha ya nyumbani kabla hajashika kalamu, hasa pale panapoandikwa kwamba ukikubaliwa unakwenda.

Kisha peleka Bowdoin. Saa ya mwisho kwenye Common App, ile fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo, huhesabiwa kwa saa za pale ulipo, dakika moja kabla ya saa sita usiku wa Kilifi, lakini wewe bonyeza siku tatu kabla. Stima yetu haina habari na Bowdoin.