Ulinganifu wa Mbegu ya F1 Huanzia kwa Wazazi

Msomaji mmoja wa Bungoma ameniandikia akilalamika kwamba mahindi yake ya F1 yametoka marefu kwa mafupi, mengine yakitoa mbelewele wakati mengine hayajafika hata kiunoni, naye ameamua kwamba habari za usawa wa mbegu chotara ni uongo wa wauzaji. Ninamjibu nikiwa mkulima wa mbegu kwa mkataba hapa Trans Nzoia, ambaye shamba lake limepita ukaguzi msimu huu bila dosari, jambo ambalo sioni haya kulitaja.

F1 ni kizazi cha kwanza tu cha wazazi wawili tofauti. Haisemi lolote kuhusu usafi wa wazazi hao. Mbegu ya mahindi ya H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ilizaliwa na Kitale Synthetic II na Ecuador 573, na kila upande ulikuwa mchanganyiko wa mimea yenye urithi mbalimbali, kwa hiyo ilizaa vizuri lakini haikulingana sana. Mahindi ya SR-52, yaliyotolewa mwaka 1960 katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, yalitokana na koo mbili zilizojichavusha kizazi baada ya kizazi hadi mimea ya kila ukoo ikafanana kabisa, na ndiyo maana shamba la mahindi hayo lilisimama kwa kimo kimoja. Hata wazalishaji wa bangi nchini Kanada, ilikoruhusiwa mwaka 2018, wakichanganya wazazi ambao wenyewe ni machotara, hupata watoto wasiofanana.

Koo safi kama hizo, ambazo ndizo ninazolima, zina sura ya kutia huruma: mashina membamba, magunzi madogo. Mzee mmoja jirani yangu alitangaza mbele ya watu matangani kwamba mimi nimelima njaa, na maneno hayo hayajanitoka moyoni. Siku hizi ananiuliza mkataba unapatikanaje, nami humjibu kwa adabu.

Kazi kubwa ni kung'oa mbelewele katika mistari ya mama, yaani ya mimea itakayobeba mbegu, kabla hazijamwaga chavua. Unaingia asubuhi majani yakiwa na umande, unaishika mbelewele ingali imefungwa na jani la juu, unaivuta hadi ichomoke. Ukiiacha moja, mama atajichavusha na kuwachavusha ndugu zake, na punje hizo zitaota zikiwa dhaifu katikati ya shamba la mnunuzi.

Sasa, ndugu yangu, mbegu hiyo uliinunua au uliitoa ghalani? Kama uliihifadhi kutoka mavuno yaliyopita, hicho ni kizazi cha pili na urithi umegawanyika upya, hivyo usimlaumu muuzaji. Wakulima wenzangu, tuache kubania pesa ya mbegu halafu tukalilia mavuno: nunueni mpya kila msimu, kwangueni lebo ya pakiti na kutuma nambari yake kwa SMS kwa 1393, ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kabla ya kufungua pakiti, na narudia, kabla ya kufungua. Ikiwa lebo ilikuwa halali na shamba bado halilingani, chunguza kwanza kina ulichopandia, kisha mpelekee aliyekuuzia pakiti pamoja na risiti.